Saa Mbili Si "Two O'Clock"

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini huwakosesha watu kazi na kuwaacha abiria uwanjani: namna ya kutaja saa kwa Kiingereza.

Kanuni zenyewe si ngumu. "Past" ni dakika zilizopita, "to" ni dakika zilizopungua. "Half past eight" ni saa mbili na nusu. "Quarter to nine" ni saa tatu kasorobo. Neno "o'clock" hutajwa saa inapokuwa kamili tu.

Ugumu uko kwenye hesabu. Sisi huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, na wao huanza saa sita usiku, kisha wakaanza upya saa sita mchana. Hesabu yetu si ya kuonewa haya. Karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. London mwezi Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Desemba watu hulingojea hadi saa mbili asubuhi. Huko, kuhesabu kwa kufuata jua kungeleta vurugu.

Sasa mfikirie kijana anayeitwa kwenye usaili kwa simu. Akiambiwa "two o'clock", naye akasikia mbili, atafika saa mbili asubuhi, shati limenyooshwa, angoje saa sita nzima. Huyo ana nafuu. Mwenzake aliyeambiwa "nine o'clock" akaja saa tisa alasiri atakuta nafasi imekwisha kupata mwenyewe. Wala hakuna atakayemwuliza alihesabu vipi, ataandikwa mchelewaji.

Tikiti ya ndege ina mtego wa pili. Imeandikwa Jumanne, 0200. Msafiri anafasiri vizuri kabisa kuwa ni saa nane usiku, kisha anafunga mizigo Jumanne jioni. Ndege imekwisha ondoka! Kwa Kiingereza tarehe hubadilika saa sita usiku, kwa hiyo safari hiyo ni ya usiku wa kuamkia Jumanne, na abiria alitakiwa kuondoka nyumbani Jumatatu usiku.

Halafu kuna masikio. "Eight fifteen" na "eight fifty" hukaribiana sana kwenye simu mbovu, lakini ya kwanza ni saa mbili na robo, na ya pili ni saa tatu kasoro dakika kumi. Wenye lugha nao hawasemi namna moja. Mwingereza akisema "half eight" ana maana ya saa mbili na nusu, si saa moja na nusu. Mmarekani akisema "quarter of eight" ana maana ya saa mbili kasorobo.

Tufanyeje basi? Kwanza, tusifasiri namba; tutazame uso wa saa. Mshale mfupi ukiwa kwenye 8, namba iliyo mkabala wake ni 2, na hiyo ndiyo saa yetu. Pili, tutaje na sehemu ya siku: "eight in the morning", "eight in the evening". Tatu, tukipewa miadi tuirudie papo hapo, na kama mwenzetu anajua Kiswahili, tuirudie kwa lugha zote mbili.

Nanyi mnaowaita watu kwenye usaili, msiseme namba tupu mkamwachia mgeni wa lugha mzigo wote. Mkiongeza kuwa ni asubuhi au ni mchana, mtakuwa mmempima mtu kwa kazi anayoiomba, si kwa hesabu ya saa.

Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana hawajui Kiingereza. Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Swali moja ni rahisi kuliko tikiti ya pili.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.