Gari Halili Mafuta Peke Yake

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, Kata ya Masanze)



Nimetumwa kuzungumza nanyi juu ya uendeshaji wa vyombo vya usafiri vya biashara. Jambo hilo likitajwa, wengi huwaza kampuni yenye malori mia moja yapitayo Mikumi kuelekea Tunduma. Mimi nawawaza ninyi. Kikundi chenye pikipiki tatu na guta moja tayari ni msafirishaji, na maswali yanayomkosesha usingizi mwenye malori mia ndiyo hayo hayo yanayokisubiri.

Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wengi wakiomba, huomba bodaboda, bajaji au guta. Si vibaya. Mahindi na ufuta havijipeleki sokoni vyenyewe, na tangu treni ya mwendokasi ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, abiria anayeshuka stesheni ya Kilosa anahitaji wa kumfikisha kwake. Kazi ipo. Linalonitia hofu ni namna tunavyoihesabu pesa ya kazi hiyo.

Naomba tuhesabu pamoja. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila kikundi kitaweka zake. Pikipiki imenunuliwa kwa shilingi 3,000,000 za mkopo, na mkopo unarejeshwa kwa miezi 24. Dereva analeta hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, na mafuta ni juu yake. Kwa wiki ni shilingi 48,000. Marejesho ni 125,000 kwa mwezi, yaani karibu 29,000 kwa wiki. Zinabaki 19,000, na hapo ndipo kikao huanza kuzungumzia gawio.

Tungoje kidogo. Pikipiki hiyo, kwa barabara zetu na kwa mizigo tunayoipakia, tuseme itafanya kazi miaka mitatu, kisha ni chuma chakavu. Ili siku hiyo ikifika kikundi kinunue nyingine bila kurudi kupiga hodi halmashauri, lazima kiweke kando zaidi kidogo ya shilingi 19,000 kila wiki, tangu wiki ya kwanza. Basi zile zilizobaki zimekwisha zote. Na bado hatujanunua tairi, mnyororo, oili wala bima.

Nimeona nyuso zenu. Sisemi biashara haifai. Mwaka wa tatu, mkopo ukiisha, zile 29,000 za kila wiki zinaanza kuwa mali ya kikundi. Ila kwa tarakimu hizi, anayegawana katika miaka miwili ya mwanzo hagawani faida. Anakula pikipiki, leo tairi la mbele, kesho la nyuma.

Nakifahamu kikundi kimoja, jina nitalisitiri, kilichoanza na pikipiki tatu na kugawana kila mwisho wa mwezi kwa furaha kubwa. Masika ilipofika barabara ikakatika, pikipiki zikalala majuma kadhaa, lakini marejesho hayakulala. Wakaiuza ya kwanza ili kulipia mkopo wa mbili zilizobaki. Kisha ya pili ikaua injini, wakang'oa vipuri vyake kuitengeneza ya tatu. Wanachama wale leo hawasalimiani sokoni, na hilo linaniuma kuliko deni lenyewe.

Wazee waliopo hapa huenda wakakumbuka msafara mkubwa uliowahi kupita jirani yetu. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwezi Novemba 1965, Zambia ilipungukiwa njia ya kupata mafuta, na mwaka 1966 kampuni ya malori ya Tanzania na Zambia ikaundwa kuyabeba kutoka Dar es Salaam kwa njia hii ya Mikumi. Barabara ilikuwa ya vumbi na matope, ajali zilikuwa nyingi, malori mapya yakaharibika mapema. Njia hiyo ikapewa jina la mbio za jehanamu. Bomba la mafuta likafunguliwa mwaka 1968, reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Serikali mbili zilikuwa nyuma ya malori yale, nayo barabara mbovu iliyachakaza. Guta letu lina nani nyuma yake, kama si daftari la mweka hazina?

Nije kwa dereva. Hesabu isiyobadilika mvua inyeshe au jua liwake humsukuma kijana kukimbia. Asipoifikisha hutoa mfukoni, au huahirisha kumwaga oili, au humpa chombo "deiwaka" usiku huku yeye amelala. Wapo wanaokubali safari ya usiku hadi ng'ambo ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu hukatiza mbugani kwa kilomita zipatazo 50 na nyati hawana taa. Maoni yangu, na Mheshimiwa Diwani atanisahihisha, ni kwamba hesabu ya masika iwe ndogo kuliko ya kiangazi, na iandikwe kwenye mkataba. Kikundi kitapata kidogo mwezi wa Aprili, lakini mwezi wa Juni kitakuwa bado na pikipiki, na dereva mzima.

Kuhusu bima, lipo jambo linalowapotosha wengi. Bima ya mtu wa tatu, ile ya lazima, hulipa madhara mliyomsababishia mtu mwingine. Pikipiki yenu ikiibiwa au ikiungua, haiwalipi senti. Anayetaka kulipwa kwa chombo chake hukata bima kubwa. Leseni ya dereva na leseni ya usafirishaji ya LATRA hukaguliwa barabarani, hizo mnazijua.

Kila chombo kiwe na daftari lake, si daftari moja la vyote. Siku, kilomita, hesabu iliyoletwa, kilichonunuliwa, aliyeendesha. Oili imwagwe kwa kilomita zilizoandikwa, si kwa kumbukumbu ya fundi. Akiba ya chombo kijacho iwe na akaunti yake benki, yenye watia saini watatu, isiguswe kwa msiba wala harusi. Najua sentensi hiyo ni ngumu kuitamka mbele ya watu wanaozikana, lakini mfuko wa kuzikana tuuchangie kando.

Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata amekaa pale mbele. Naomba vikundi vilivyokuja na madaftari viyatoe sasa, tuanze na pikipiki moja moja, tuone kila moja imekwisha kujiwekea kiasi gani.