Dawa Inayofunguliwa Saa Mbili Asubuhi

Msikilizaji, shuka Minjila jioni, pale barabara ya kutoka Malindi inapogawanyika, moja ikishika njia ya Lamu na nyingine ikipanda Garissa kupitia Garsen. Utawakuta wanawake ambao maofisa wa afya huwaita walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Mtaani wana majina mengine, sitayataja hewani. Yupo anayeuza mwili kwa madereva wa malori. Yupo muuza chai ambaye mteja akimwongezea hela, anajua anadaiwa nini. Na usimsahau mke wa dereva, katulia nyumbani kwake, hana habari.

Kinga ipo. PrEP, kidonge cha kila siku, ilizinduliwa Kenya nzima Mei 2017, na hospitali za serikali huitoa bure. Lakini mwanamke hukimeza siku 7 mfululizo kabla ya kukitegemea. Si dawa ya kukimbilia usiku wa manane. Sharti aende kliniki mapema. Kliniki nayo hufunguliwa saa mbili asubuhi, yeye ndiyo kwanza amelala. Akijikaza akafika, kwenye benchi kamkuta shangazi yake. Kisha anakabidhiwa kichupa kinachofanana na cha wanaoishi na virusi, tembe zikilia mkobani kama kayamba. Garsen si mji mkubwa. Jua likitua ameshapewa ugonjwa asio nao.

Halafu kukaja Januari 2025, Marekani ikasimamisha misaada yake. Februari ikalegeza kamba, ila PrEP ya fedha zake ikabaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Yaani dada wa Minjila ashike mimba kwanza ndipo akingwe!

Tutaambiwa kaunti yetu ya Tana River ina maambukizi machache, fedha ziende Homa Bay na Kisumu. Huko wagonjwa ni wengi, sina ubishi. Ila lori lililolala Mombasa jana, leo linalala Minjila.

Afya ni jukumu la kaunti tangu 2013, basi naongea na wakubwa wa kaunti walioko Hola. Muuguzi mmoja, jioni, kando ya stendi, tena asiwe mwenyeji wa hapo, gharama yake ni ngapi? Na ipo sindano ya lenacapavir, inayodungwa mara mbili kwa mwaka. Katika utafiti uliotangazwa 2024, wasichana na wanawake zaidi ya 2,000 wa Afrika Kusini na Uganda walidungwa sindano hiyo, asiambukizwe hata mmoja. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Wanawake wetu wamezoea sindano ya uzazi wa mpango kila miezi mitatu; anaingia, anadungwa, anatoka, hakuna wa kumuuliza. Basi sindano hii nayo itolewe katika chumba hichohicho, si kwenye mlango wenye kibandiko cha Ukimwi.