Kuchuma Matunda kwa Wakati, na Kuyavundika kwa Akili



Nataka kusema nanyi maneno machache juu ya jambo liwapotezealo wakulima wengi fedha zao, nalo ni kuchuma matunda kabla hayajakomaa.

Kwanza, kukomaa si kuiva. Tunda lililokomaa limekwisha pata chakula chake kutoka mtini, ijapokuwa bado ni gumu na la kijani. Kuiva ni kule kulainika na kugeuza wanga kuwa sukari. Ndizi na maembe yaliyokomaa huiva hata yakiwa yamekatwa. Lakini yakichumwa machanga hunyauka na kukosa utamu, wala hapana dawa ya kuyatengeneza. Machungwa na mananasi si hivyo. Hayo hayazidi utamu baada ya kuchumwa, hata mwenye michungwa kule Muheza hana budi kungoja mtini.

Basi, dalili ni zipi? Ndizi changa ina pembe kali. Ikikomaa, pembe hupungua ikawa ya mviringo. Embe lililokomaa mabega yake hujaa na kupanda juu ya kikonyo, na nyama iliyo karibu na kokwa huanza kuwa ya manjano. Lichume pamoja na kipande cha kikonyo, maana utomvu wake huunguza ganda. Wala usiliangushe chini.

Wazee wetu walivundika ndizi shimoni kwa majani na moshi, nao walikuwa na haki. Moshi una hewa iitwayo ethilini, na matunda yenyewe huitoa yaivapo, kama Gane alivyothibitisha huko Uingereza mwaka 1934. Kwa sababu hiyo ndizi moja mbivu ikiwekwa kati ya mabichi huyaharakisha.

Lakini jihadharini na kabaidi, ile itumiwayo na mafundi wa kuchomelea vyuma. Hulipa tunda rangi nje, na ndani likabaki gumu na chachu. Tena mara nyingi ina masalio ya aseniki na fosfori, ambazo ni sumu. India imeikataza kwa sheria. Mnunuzi aliyedanganywa leo harudi kesho, na mtoto aliyelishwa sumu ni wetu sote.

Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu. Nami naongeza: huuza mbivu pia, tena kwa bei njema.