Luthuli aliambiwa achague: kiti au kadi



Huko vijiweni tunaambiana kwamba siasa ni ulaji. Leo nawaletea habari za mkulima wa miwa ambaye siasa ilimnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Huyo ni Albert Luthuli wa Groutville, katika Natal, Afrika Kusini. Alikuwa mwalimu katika Chuo cha Adams, mwenye mshahara wa uhakika. Mwaka 1936 aliuacha akashika uchifu, kwa sababu watu wa kwao walimchagua. Pale chifu hakurithi, alipigiwa kura. Kipato kikashuka, akalima miwa kama jirani zake.

Mwaka huo huo serikali ikatunga Sheria ya Sukari, iliyompangia kila mkulima kiasi cha miwa cha kuuza. Mwafrika mwenye kishamba chake akabanwa. Luthuli hakwenda kujiombea peke yake. Aliwakusanya wakulima wadogo wa Natal na Zululand, wakaunda chama, yeye mwenyekiti. Wakadai mgawo mmoja wa pamoja, ili pengo la aliyevuna kidogo lizibwe na jirani aliyevuna zaidi.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya siasa. Kilio cha shambani kilikuwa kinapikwa bungeni, na Mwafrika hakuwa na sauti bungeni.

Mwaka 1951 akawa rais wa ANC wa Natal. Mwaka 1952 watu walipoanza kuzivunja hadharani sheria za ubaguzi, wakubwa wakamwita: chagua, uchifu au ANC. Akakataa kuacha hata kimoja. Novemba wakamvua uchifu. Desemba ANC wakamchagua rais wa nchi nzima!

Makaburu hawakumwacha. Walimfungia wilayani kwake, na mwaka 1956 wakamkamata kwa uhaini. Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1960 aliipokea Oslo mwaka 1961. Tarehe 21 Julai 1967 akafa, serikali ikasema kagongwa na treni. Oktoba 2025 mahakama ya Pietermaritzburg ikaufuta uongo huo: alikufa kwa kipigo, na polisi wa usalama walihusika. Ukweli umechukua miaka 58.

Basi vijana, akija mtu kuomba kura zenu, msimuulize ana gari gani. Muulizeni: kabla hujataka kiti, uliwakusanya akina nani, mkadai nini? Na siku wakubwa watakapokuambia uchague kiti au wenzako, utajibu nini?