Kuhamia San Miguel de Allende
San Miguel de Allende, mji wa jimbo la Guanajuato nchini Meksiko, uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgeni atokaye pwani huhema siku za mwanzo akipanda vichochoro vyake vya mawe. Maji ya bomba hayanywewi. Watu hununua madumu ya lita 20. Muuzaji hubeba dumu begani hadi mlangoni na kuondoka na lililo tupu. Kuchemsha maji ya bomba hakutoshi, kwani baadhi ya visima vya eneo hilo vina floraidi na aseniki, ambazo moto hauziondoi. Jambo hili lipewe uzito, hasa penye watoto wadogo. Kwa upande wa hati, mwenye viza ya ukaazi wa muda sharti aanze taratibu za kadi yake ya ukaazi katika ofisi ya uhamiaji ndani ya siku 30 tangu kuingia nchini.