Mama Afungwapo, Mtoto Alelewe Wapi?

Kenton ni kitongoji cha kaskazini magharibi mwa jiji la London ambako Kiswahili si lugha ngeni. Miongoni mwa wakazi wake wamo Waasia wengi ambao wao au wazazi wao walihamia huko kutoka Kenya na Uganda. Jirani na kitongoji hicho ipo hospitali ya Northwick Park, yenye wodi ya wazazi. Mama mwenye kujifungua hutoka hospitalini akaenda nyumbani. Lakini mama aliyehukumiwa kifungo hurejeshwa gerezani, na hapo ndipo swali huzuka: je, mtoto aende naye?

Tangu gereza la wanawake la Holloway, kaskazini mwa London, lifungwe mwaka 2016, wafungwa wengi wanawake wa jiji hilo hupelekwa Bronzefield, katika mji wa Ashford. Gereza hilo ni miongoni mwa magereza sita ya England yenye kitengo maalumu cha akina mama na watoto wachanga. Mama huomba nafasi, bodi hulipima ombi lake, na maslahi ya mtoto ndiyo yapasayo kutangulizwa. Akikubaliwa, kwa kawaida hukaa na mwanawe hadi mtoto afikie umri wa miezi 18. Kifungo kikiwa bado hakijaisha, mtoto hutolewa akalelewe na jamaa, au na walezi wanaotafutwa na serikali ya mtaa.

Kwa nini miezi 18? Mwaka 2001 wafungwa wawili walilifikisha swali hilo mbele ya Mahakama ya Rufaa ya England. Majaji hawakuifuta kanuni hiyo, lakini walisema haifai kutumiwa bila kutazama hali ya kila mtoto. Kenya imeweka mpaka wake mbali zaidi: sheria humruhusu mtoto kukaa na mama gerezani, kama vile Lang'ata jijini Nairobi, mpaka atimize miaka 4.

Wanaotaka mtoto abaki na mama hutaja maziwa ya mama na mapenzi ya miezi ya kwanza, ambayo hayana badala. Wanaopinga husema mtoto hakutenda kosa, na haifai ajifunze kutembea penye malango ya chuma. Pande zote mbili zina haki, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Kadiri mtoto anavyokaa, ndivyo anavyozidi kulijua gereza. Na kadiri anavyompenda mama, ndivyo kutenganishwa kunavyomuumiza.

Aidha, kitengo kizuri si kinga ya kila jambo. Usiku mmoja wa mwezi Septemba mwaka 2019, msichana wa miaka 18 alijifungua peke yake ndani ya chumba chake katika gereza hilo la Bronzefield. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2021 ilieleza kwamba alibonyeza kengele kuomba msaada, asiupate. Mtoto hakunusurika.

Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, ulilitazama jambo hili kutoka mwanzo wake. Ibara ya 30 inazitaka nchi zifikirie kwanza adhabu isiyo ya kifungo kwa mama wa mtoto mchanga. Kenya, Uganda na Tanzania zote zimeuridhia mkataba huo. Mwaka 2007, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimwondolea kifungo mama wa watoto watatu aliyepatikana na hatia ya ulaghai, ikamweka chini ya uangalizi na kumtaka awalipe aliowadhulumu. Nchini England, tangu Aprili 2024, miongozo ya hukumu inawataka majaji na mahakimu wapime ujauzito na malezi ya mtoto mchanga kabla ya kutoa adhabu.

Hii haina maana kwamba mtoto awe ngao ya mhalifu. Yapo makosa mazito ambayo jamii haiwezi kuyaacha bila kifungo, na kwa akina mama hao vitengo hivyo vitahitajika daima. Ila mtoto hana wakili wala sauti kizimbani. Maslahi yake yakisubiri hadi lango la gereza, yatakuwa yamechelewa kufikiriwa. Mahali pa kumwuliza habari zake ni mahakamani, kabla jaji hajatamka idadi ya miaka.