Kiongozi Tunayemtaka Zama Hizi za Akili Mnemba



Mwaka huu tunachangia masomo ya vijana wetu. Wengi mmetuuliza: kwa nini mfuko usiwalipie wanaosoma kompyuta peke yao, maana akili mnemba ndiyo inayokuja?

Sisi tunaofanya kazi za hesabu mjini tumeiona ikifika. Kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kazi iliyotutoa jasho siku nzima, sasa programu huimaliza kwa dakika chache. Ila kujua kwa nini makusanyo yameshuka kunamtaka mtu anayewafahamu watu wake.

Tuchukue korosho. Mavuno yakipungua, bwana shamba ataona ubwiriunga na salfa iliyochelewa. Mhasibu ataangalia makato katika stakabadhi ghalani. Mtu wa wanyamapori atawataja tembo wa ushoroba wa Selous–Niassa unaopita mkoani kwetu. Mzee atakumbuka mgogoro wa mpaka ulioacha shamba bila kupaliliwa. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, na mashine hujibu lile iliyoulizwa. Kiongozi ni yule anayejua la kuuliza, wa kumuuliza, na namna ya kuviunganisha vipande hivyo.

Mwalimu Nyerere alihitimu Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, akiwa amesoma uchumi, historia, sheria ya katiba, falsafa ya maadili na fasihi. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye shida tele, ilitoka tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Hakuona fasihi kuwa anasa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mfuko usibague: alipiwe wa kompyuta, wa kilimo, wa uuguzi, wa sheria na wa Kiswahili. Pili, kila atakayelipiwa arudi nyumbani wakati wa likizo, akajifunze kazi isiyo yake. Wa kompyuta akakae na chama cha msingi msimu wa korosho. Wa sheria akashinde zahanati.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tukizikusanya, Nakapanya itapata viongozi. Tunaomba kila mmoja wetu atoe alichonacho, kikubwa au kidogo.